Mlinzi wa Ndiva

Hapo zamani, milima ya Upare ilipokuwa ikilala ndani ya ukungu mpaka jua la utosi, palikuwa na mzee aitwaye Kiangi. Kazi yake ilikuwa kulinda ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mashamba. Asubuhi aliufungua mlango wa bwawa, jua lilipopinda akaufunga. Zamu za maji za mashamba arobaini alikuwa nazo kichwani.

Mwaka mmoja zamu zikaanza kumponyoka. Watu aliwajua wote, alilima, alicheka. Lakini alisimama kando ya maji yaliyotulia, akatazama mawingu yakipita chini ya miguu yake, na jina la mwenye zamu halikuja.

Yeye mwenyewe aligundua kwanza. Akanyamaza.

Wa pili alikuwa mkewe, Nakijwa. Naye akanyamaza. Kila asubuhi alimsindikiza, na njiani akamtajia jina la mwenye zamu polepole, kama mtu anayejiimbia.

Wa tatu alikuwa tabibu Semboja, aliyeitibu nyumba ile tangu watoto wao wakiwa wachanga. Kiangi alikwenda kwake kwa ajili ya goti. Tabibu alimkanda huku wakizungumza, akamsikia akisimulia habari ileile mara mbili. Akamuuliza maswali machache kwa upole, akaelewa. Akampa dawa ya goti, akamuaga.

Siku moja Nakijwa akashikwa na homa. Kiangi akaenda peke yake, akaufungua mlango, akakaa juu ya jiwe kuyasikiliza maji. Sauti hiyo ikamchukua mbali sana. Akainuka, akarudi nyumbani bila kufunga. Maji yakashuka mchana kutwa, na shamba la maharage la Nanzia, mjane wa bondeni, likaondoka pamoja na udongo wake.

Wazee wakakutana. Desturi yao, aliyekosa humwachia aliyeumia shamba lake kwa msimu mzima.

Kiangi akasema, “Nilijua, nikaogopa. Mkinitoa kwenye maji nitakuwa nani? Chukueni langu.”

Nakijwa akasema, “Nisingemtajia majina, mngeona mapema. Ni mimi niliyemficha. Chukueni nililopewa na baba yangu.”

Semboja akasema, “Hawa waliona kusahau tu. Mimi nilijua ni nini. Wapo wanaobaki hivyo miaka mingi, wapo wanaorudi, wapo wanaozidi kuzama. Sikujua yeye ni yupi, nikahofia kwamba nikilitaja jambo hili mtamzika angali hai. Lakini ningeweza kumwambia mkewe. Chukueni langu.”

Ndipo Nanzia akasema, bila kumtazama mtu, kwamba msimu uliopita Kiangi alimfungulia maji mara mbili kwa zamu moja. Alijua mzee amesahau. Ila maharage yalikuwa yamenawiri, naye akanyamaza.

Wazee wakatazamana mpaka ukungu ukapanda kutoka bondeni na kuwafunika nyuso.

Wanne walijua, wanne walinyamaza. Nanyi mnaonisikiliza, mngekuwa pale, mngechukua shamba la nani?