Kidari cha Mbuzi wa Kituo

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, ni hii ya juzi tu, mimi nikiwa na meno yote na warembo wakinipisha njia, palikuwa na mji unaitwa Kibokwe. Kibokwe ilikuwa na soko. Nikisema soko msifikirie hilo lenu la mafungu matatu ya dagaa. Soko la Kibokwe unaingia umenyoa, unatoka una ndevu, na hapo hujafika kwenye vitunguu.

Soko lenyewe lilikuwa akina mama. Kila mama na meza yake, chini ya kila meza tenga, lile la kubebea nyanya, na ndani ya tenga mtoto. Juu nyanya, chini mtoto. Mtoto akilia, mama anatikisa tenga kwa mguu, biashara inaendelea.

Palikuwa na mama mmoja, Sikujua, na mtoto wake Mbwana, mnono, mashavu yamejaa kama kapewa ayatunze. Siku moja jua lilikuwa kali mpaka mawe yanatafuta kivuli. Sikujua akamfunika mwanawe majani ya mgomba, Mbwana akalala. Wapakiaji wakaja. Wale hawaulizi, wale wanabeba. Tenga lina majani juu, basi ni la nyanya, likapanda lori. Sikujua anageuka, chini ya meza pamebaki vumbi.

Alipiga ukelele, kuku wa wilaya jirani wakataga kabla ya siku zao. Lakini lori lilishaondoka.

Lori likafika mji wa Lugongwe. Kufunua majani, nyanya ikapiga chafya. Watu wa kule wakamchukua Mbwana mpaka kwenye kituo cha halmashauri yao cha kulelea watoto. Wakamwosha, wakampa uji, wakamlaza kwenye godoro. Jioni mwenyekiti wao akamrudisha mwenyewe, amemkumbatia, akamkabidhi mwenyekiti wetu wa Kibokwe, Bwana Malugu, mbele ya soko zima.

"Pokea mtoto wenu, mwenzangu," akasema huku anacheka. "Kwetu watoto wanakaa kituoni. Kwenye matenga tunaweka nyanya. Labda nyie mna utaratibu wenu."

Soko likacheka. Malugu hakucheka. Alirudi nyumbani hakugusa chakula, na Malugu kutogusa chakula ni habari ya redioni. Tumbo la yule mtu lilikuwa linaingia kikaoni, linasaini mahudhurio, ndipo yeye anafuata.

Na Sikujua? Tenga hakulitaka tena. Alimfunga Mbwana na kanga mguuni kwake. Mtoto akivutia huku, mama anakwenda huku, mteja akiomba nyanya anaonyeshwa kisogo. Wateja wakahama. Nyanya zikaoza mezani.

"Wenzangu," akawaambia wauzaji, "nikimtazama mtoto, meza inakufa. Nikitazama meza, mtoto anapanda lori. Niambieni nifumbe jicho gani."

Wote walikuwa wanatikisa matenga.

Sasa katika halmashauri yetu diwani mwanamke alikuwa mmoja tu, Mwajabu. Mwaka nenda mwaka rudi anasimama kuomba nyumba ya kulelea watoto. Akifika kwenye neno "kulelea", wenzake wanasinzia. Akimaliza, mmoja anaamka kusema, "Mheshimiwa, watoto wana bibi zao," kisha analala tena. Safari hii Mwajabu akamtazama Malugu, akaona mtu ameumwa na maneno ya Lugongwe. Akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba Kibokwe tujenge kituo. Lugongwe wanacho."

Akakaa. Hivyo tu. Kituo. Cha nini, hakusema.

Diwani wa stendi akasikia kituo cha mabasi. Diwani aliyeibiwa mbuzi akasikia kituo cha polisi. Diwani mwenye mgongo mbovu akasikia kituo cha afya, na sindano akaanza kuisikia. Mikono yote ikaenda juu, mmoja akanyoosha na mguu. Ukimtoa Mwajabu, aliyejua ni kituo gani alikuwa Malugu peke yake, na Malugu akanyamaza kama mtu aliyemeza kijiko. Tena akatoa matofali ya sebule mpya ya ofisi yake, ile aliyokuwa akiiota tangu achaguliwe, yakaenda kujenga kituo. Alitaka Lugongwe waone.

Nyumba ikasimama, nzuri, mpaka ndege walikuwa wanabisha hodi kabla ya kutua. Madiwani wakaenda kukagua. Diwani wa stendi akafungua choo, akainama.

"Hiki choo kinanifika kwenye ugoko. Abiria wetu wana urefu gani?"

"Na mahabusu gani huyu," akasema yule wa mbuzi, "wa kulazwa kwenye kigodoro cha maua?"

Ndipo wakaelewa. Wakamgeukia Mwajabu. Mwajabu akawa anakagua dari.

Wakaapa kesho yake wakutane, vyoo ving'olewe, nyumba iwe ya mabasi. Habari ikafika sokoni. Sikujua, mguu bado una kanga, akapita meza kwa meza ananong'ona.

Asubuhi madiwani wanaingia ukumbini, wanakuta chini ya kila kiti kuna tenga. Ndani ya kila tenga kuna mtoto. Sikujua amesimama mlangoni.

"Waheshimiwa, shikamooni. Sisi kazi yetu tunaifanya mtoto akiwa chini ya meza, na mji unakula. Leo nanyi fanyeni. Tutawapitia tukifunga soko."

Wakaondoka. Kikao hakikuvuka dua. Mtoto mmoja akala ajenda, akaomba maji. Mwingine akatambaa na wigi la mheshimiwa fulani ambaye mpaka siku ile tulidhani ni nywele zake. Diwani wa mbuzi akajikuta anaimba, na sauti ile ndiyo iliyomfukuza mbuzi, siyo mwizi. Malugu akamlaza Mbwana juu ya tumbo, Mbwana akalala usingizi ambao hata Lugongwe hawana. Kabla ya adhuhuri wakapiga kura: nyumba ni ya watoto. Walinyoosha mkono mmoja mmoja tu, wa pili umebeba mtoto.

Ikaja sherehe. Nani achome mbuzi? Mimi. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu aliniambia nikiendelea nitaimaliza elimu yote, wengine wakose. Lakini kuchoma najua. Mbuzi nikimchoma mimi, walio hai wanaanza kujipaka chumvi.

Na Kibokwe tuna desturi yetu. Nyumba ya umma haifunguliwi bila mbuzi, na kidari anapewa mtu mmoja, yule aliyeifanya nyumba iwepo. Akishakila, yeye ndiye anasema mlango ufunguliwe saa ngapi na waingie nani. Akisema, basi, imekwisha.

Nikatoka na sinia. Malugu akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Lete hapa, kijana. Matofali yangu hayo. Bila mimi mngelea watoto ndani ya maneno. Mlango utafunguliwa saa mbili na kufungwa saa tisa, kama ofisi zote. Jumamosi mapumziko."

"Jumamosi ndiyo gulio, Mwenyekiti," Sikujua akasema. "Na nyanya zinashuka alfajiri. Saa mbili mwanangu atakuwa ameshafika Lugongwe mara ya pili. Matofali yako yangekuwa stendi leo, kama si matenga yetu. Kidari changu. Mlango ufunguliwe alfajiri, watoto wa soko waingie kwanza."

Mwajabu akacheka. "Mwanangu Sikujua, bila mimi ungetetea nyumba gani? Miaka yote nimesema peke yangu, wakalala. Neno ni langu, kituo ni changu. Nami sitaki cha soko tu. Na watoto wa wanaolima mashambani, na wa wanaoponda kokoto, wote waingie."

"Hawatatosha, mama," Sikujua akasema.

"Watabanana."

Mara sauti nyuma. Mwenyekiti wa Lugongwe, mgeni rasmi, analegeza mkanda. "Samahanini, wenyeji. Nisingewacheka, mngejenga?"

Wakatazamana wote wanne. Kila mmoja ameona mwenzake hakosei. Tena hakuna aliyenuna, harufu ya kidari changu haimruhusu mtu kununa. Mafuta yananitiririka mpaka kiwikoni. Mlango wa kituo umefungwa unasubiri neno, watoto wamejazana kizingitini.

Sasa nyie mnaojifanya werevu, mnaomeza mate tangu nitaje mbuzi, nisaidieni. Mwenye matofali, mwenye neno, mwenye matenga, au mwenye kicheko? Semeni upesi, maana Mbwana ameshafungua ile kanga mguuni, anakuja huku kwenye sinia, na mdomo ameuacha wazi.

Je, kidari alistahili nani?