Bunduki ya Mzee Nkwabi

Mtutu wa kale, baruti ya kale. Ndivyo shangazi yenu alivyosema leo mlipotaka kumtwika babu gunia. Methali hii, wajukuu zangu, ilianza hivi.

Kijijini kwetu Unyamwezi, mzee Nkwabi alirithi bunduki ya marisau iliyotoka Ulaya. Mafundi wa huko walisokota vipande vyembamba vya chuma laini na feleji, chuma kigumu, wakaviponda motoni hadi vikawa mtutu mmoja wenye michirizi kama maji yanayopulizwa na upepo. Watoto tuliugusa kwa vidole vichafu, naye aliupangusa tu bila kutugombeza.

Mwaka mmoja nguruwe pori wakavamia karanga zetu. Nkwabi akanunua mjini risasi mpya, za baruti isiyotoa moshi. Asubuhi moja, nguruwe wakiwa shambani, akalenga. Mtani wake Kasanda, mhunzi, akaja mbio.

"Shusha, mtani! Baruti hiyo inauzidi nguvu mtutu wako. Utapasuka!"

"Unaogopa mlio, mla panya wewe! Risasi imeingia sawasawa, inafaa."

"Hata kichwa chako kinaingia chunguni. Tukipike?"

Tulicheka. Kasanda hakucheka. Akaushika mtutu kwa kiganja, penye michirizi.

"Kama una hakika, fyatua. Lakini mkono wangu wa kufulia chuma ndio huu."

Nkwabi aliutazama mkono ule uliotengeneza majembe yetu yote. Kidole chake kikagoma. Akashusha bunduki, akatoa risasi.

Kasanda hakumsimanga. Aliketi naye chini, akajaza maganda ya shaba ya risasi kwa baruti nyeusi ya kale aliyokuwa ameiweka akiba, kwa kipimo kidogo. Nguruwe waliporudi jioni, bunduki ikanguruma, moshi ukatanda. Wawili wakaanguka, wengine hawakuonekana tena. Karanga tukavuna, na mtutu ukabaki mzima, unang'aa.

Miaka ikapita. Mikono ya Kasanda ikaanza kutetemeka, lakini vijana waliendelea kumpelekea vyuma vizito, wakimhimiza aponde kama zamani. Siku moja Nkwabi aliingia kiwandani mwake, akamwondolea nyundo kubwa taratibu, akampa ndogo ya kutengenezea visu. Kisha akawageukia vijana.

"Fundi yupo, na kazi yake bado nzuri," akasema. "Ila mpeni anayoiweza. Mtutu wa kale, baruti ya kale."