Mechi ya Jua la Utosi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na kufagia nyua zao kila asubuhi, palikuwa na bwawa moja tu ambalo halikukauka wakati wa kiangazi. Kila mwaka, kiangazi kilipoingia, wanyama wakubwa na wanyama wadogo walicheza mpira kwenye uwanja uliokuwa kando ya bwawa hilo. Upande ulioshinda ndio uliotangulia kunywa maji msimu mzima.

Ulikuwa mchezo wa kirafiki. Lakini wakubwa walishinda kila mara, na wakishatangulia kunywa waliingia majini wakajigaragaza, wakawaachia wenzao matope. Mwaka uliopita mtoto wa Bi Nguchiro alikunywa matope hayo, akaharisha mpaka akashindwa kusimama. Alipona, lakini mama yake hakusahau. Kiangazi kilipokaribia tena, aliomba awe nahodha wa wadogo.

Aliwaambia wenzake kwamba mwaka huu watashinda. Kindi, winga mwepesi kuliko wote, akacheka. Akauliza watamfungaje Kiboko, kipa anayejaza lango zima hata upepo haupati pa kupita.

"Akiwa langoni hatumfungi," alijibu Bi Nguchiro. "Kwa hiyo itabidi atoke mwenyewe."

Tangu siku hiyo akawa anawapeleka mazoezini saa sita mchana, jua likiwa utosini, wakati wanyama wengine wote wamelala kivulini. Mwanzoni walianguka ovyo, ndimi nje. Pimbi, beki wao, alilia kwamba nyayo zinaungua. Bi Nguchiro aliwapumzisha, akawapa maji, kisha akawarudisha uwanjani. Taratibu miili ikazoea, hata wakawa wanakimbia kwenye joto lile kama wanakimbia alfajiri.

Mechi ilipokaribia, Bi Nguchiro alikwenda nyumbani kwa Nyati, nahodha wa wakubwa. Alimkuta barazani amejinyoosha kwenye mkeka, Kiboko yuko pembeni yake. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha akasema ana ombi dogo: mwaka huu mechi isichezwe jioni, ichezwe mchana, maana watazamaji wa mbali wanataka sana kumwona Bwana Nyati akicheza, na jioni huwahi kurudi makwao.

Nyati alivimba kwa furaha. Kiboko akanung'unika kwamba mchana haumfai, ngozi yake ikikauka hupasuka.

"Wewe utasimama langoni tu," Nyati akamkatiza. "Hawa hata nusu ya uwanja hawavuki. Mazoezi yenyewe mwaka huu hatufanyi." Akamgeukia Bi Nguchiro, akamwambia ombi limekubaliwa.

Siku ya mechi ilifika. Korongo, mwamuzi, akapuliza filimbi. Haukupita muda, Nyati akaupiga mpira, pu! Ukaingia wavuni pamoja na Pimbi aliyejaribu kuuzuia. Watazamaji wakacheka. Nyati akacheza ngoma katikati ya uwanja, na Pimbi akajikung'uta vumbi akarudi mahali pake.

Jua likazidi. Mgongo wa Kiboko ukaanza kutoa jasho jekundu. Akaomba ruhusa akajimwagie maji kidogo.

"Nenda kaoge," alisema Nyati. "Kwa hawa, hata nikiacha lango wazi hawafungi."

Kiboko akajitupa bwawani, chubwi! Ndicho Bi Nguchiro alichokuwa akingojea. Akampa Kindi pasi, Kindi akampita Nyati aliyekuwa bado akiwapungia watazamaji, akafunga. Kabla Kiboko hajajikokota nje ya maji, Kindi akafunga la pili.

Baada ya mapumziko Kindi alirudi akiwa mwingine kabisa. Badala ya kutoa pasi alipiga danadana. Akaukalia mpira, akawapungia watazamaji mkia wake. Nyati akaja kwa nyuma, akamnyang'anya mpira, akafunga. Yakawa mabao mawili kwa mawili.

Bi Nguchiro alimfuata Kindi. Hakupaza sauti.

"Umeona majivuno yalivyomfungisha Nyati. Mbona na wewe umefuata njia hiyo hiyo?"

Kindi aliinamisha kichwa, akaomba atolewe nje.

"Sikutoi. Unaweza kushinda, na mimi najua unaweza. Cheza tu kama ulivyojifunza."

Sasa Nyati alikuwa ameamka. Alimwamuru Kiboko asiondoke langoni hata ngozi ikipasuka. Wadogo hawakupiga shuti lolote. Walipeana pasi, huku na huko, kwa subira, wakawakimbiza wakubwa juani. Mapovu yakawatoka wakubwa mdomoni. Miguu yao ikawa mizito. Kiboko alivumilia, akavumilia, macho yakiwa bwawani, mwisho akaliacha lango bila kuaga mtu.

Nyati alirudi mbio kulinda, akihema. Kindi alikuwa na mpira mbele yake, na watazamaji wakimpigia kelele ampige chenga. Hakumpiga. Alimwona Pimbi amesimama peke yake upande wa pili, akampa pasi, na Pimbi akausukuma mpira ndani. Korongo akapuliza filimbi ya mwisho.

Nyati alikaa chini palepale. Baadaye akamwita Bi Nguchiro.

"Ulijua Kiboko hatalivumilia jua."

"Nilijua, Bwana Nyati. Na wewe ulijua, maana alikuambia mbele yangu. Mimi niliomba tu. Aliyekubali ni wewe."

Nyati akacheka, akainuka kwa shida, akampa mkono, akawaambia wenzake wakae kando mpaka wadogo wamalize kunywa. Wadogo wakanywa maji safi, wakawaachia wakubwa maji yakiwa safi vilevile.

Kesho yake mchana, kila mtu amelala, Nyati alionekana uwanjani peke yake, akifanya mazoezi.

Wanangu, kujiamini ni kujiandaa ukijua kwamba mwenzako naye anaweza. Anayejiamini kupita kiasi husahau hata kwamba mwenzake yupo.