Harusi ya Mwezini

Weka mwiko chini usome hii, mchuzi hautakimbia.

Hapo Muheza palikuwa na mashoga wawili, Somoe na Chiku, nyumba zao ukuta mmoja. Somoe akipiga chafya, Chiku anaitikia "afya!" kutoka jikoni kwake.

Somoe alikuwa na CD ya tamthilia ya watu waliohamia mwezini. CD yenyewe mikwaruzo kama mgongo wa kenge! Lakini jioni sebule inajaa, karanga mkononi, vicheko mpaka barabarani.

Sehemu ya pili ilipotoka, Somoe akanunua CD mpya, inang'aa kama kioo. Siku hiyo kaalika mpaka wakwe. Watu kimya, macho kwenye TV. Ilipoisha, Chiku akapiga mwayo mbele za wageni.

"Mwenzangu, hii imechacha. Ilianza kwa ahadi kubwa, mwezi mzima wao, sasa kazi kubonyeza vitufe tu! Uko wapi utamu wa ile harusi ya mwezini?"

Weee! Somoe akaona kavuliwa nguo hadharani.

"Ungekuwa na akili ungeielewa!"

Wakanuniana. Kisimani kila mtu na ndoo yake, mgongo kwa mgongo.

Balaa ni kwamba Mwanahamisi, binti wa Chiku, alikuwa anaolewa. Somoe ndiye aliyembeba mgongoni toka kichanga, na ndiye aliyeahidiwa kupika pilau ya harusi. Sasa michi inatwanga upande wa pili, harufu ya bizari inapita juu ya ukuta, na yeye hajaitwa. Akawa anakatakata vitunguu visivyo na kazi, apate kisingizio cha machozi.

Mwisho akashindwa. Akaenda kwa Mzee Mhina, balozi wa nyumba kumi.

"Balozi, tuamulie. Hii tamthilia imetimiza ahadi yake au haikutimiza?"

Balozi akakuna kidevu. "Mama, mamlaka yangu yanaishia pale kisimani. Mwezini sifiki."

Lakini akamwona macho yamemvimba, akamhurumia. "Haya, mwite mwenzio. Tuanze na sehemu ya kwanza, niione hiyo ahadi."

Chiku akaja, kavimba kama andazi, akakaa pembeni. CD ya zamani ikawekwa. Nahodha akatua mwezini. Mwanamke wa huko akatoka pangoni. Wakaangaliana... kah! Ikaganda.

Somoe akaichomoa, akaanza kuifuta kwa kanga kama zamani. Chiku kajikaza. Kajikaza weee, mwisho ikamtoka.

"Hapa ndipo anamposa! Mahari nyota saba!"

"Nyota sita!" Somoe akadakia. "Ya saba kilemba cha mjomba!"

"Na pilau inapikwa bila moto!"

"Mchele unaelea, wapishi wanaukimbiza na upawa!"

Balozi akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Hiyo harusi lazima niione! Rudisha CD!"

Somoe akairudisha, ikashika. Nahodha akabonyeza kitufe. Akabonyeza kingine. Akalala. Yule mwanamke akarudi zake pangoni. Mwisho.

"Sasa harusi iko wapi?" akauliza balozi.

Mashoga wakatazamana. Harusi haikuwemo. Haijawahi kuwemo! Kumbe kila CD ilipoganda, Chiku ndiye aliyekuwa anaozesha watu, na Somoe anafuta huku anapika. Ile mpya haikuganda hata mara moja, basi hakuna aliyepata nafasi ya kufungua mdomo.

"Yaani nimekununia," Somoe akasema, mbavu hana, "kwa harusi niliyoipikia mwenyewe!"

Wakaangukiana, wanacheka, wanalia, wanapigana makofi ya mgongo.

Chiku akajifuta machozi. "Basi inuka, mpishi wa mwezini. Ya duniani ni Jumamosi, na mchele bado haujachambuliwa."

Balozi akaokota kofia yake. "Kesi imefungwa. Na mimi kadi yangu iko wapi?"

Funzo: Hadithi ikikosa utamu usikimbilie kuilaumu, tazama kwanza umekaa na nani, na kama umemwachia nafasi ya kutia chumvi yake.