Jina Lililo Chini ya Jibu

Leo sina sungura wala sultani. Nina watu watatu, barua moja, na hasira za kutosha. Tulieni niwape, maana mwisho wake mtagombana wenyewe.

Palikuwa na ofisi Dodoma iliyotengeneza mfumo wa kompyuta wa kufungulia friji za dawa hospitalini. Ofisi hiyo ilikuwa na sehemu mbili mtandaoni. Moja waliiita Ghala: humo walihifadhi programu zote walizoandika, na kila aliyebadilisha kitu alitakiwa kueleza amebadilisha nini na kwa nini. Nyingine waliiita Baraza: humo aliyekwama aliuliza swali, na anayejua akamjibu. Kati ya Ghala na Baraza hapakuwa na njia.

Atupele alikuwa na kipaji cha kueleza. Wenzake waliandika "nimerekebisha," basi. Yeye aliandika tatizo lilivyoanza, alivyolitafuta na alivyolimaliza. Kwa miaka mitano aliandika maelezo mia tatu na kumi na mawili. Siku moja mkurugenzi, Bwana Chilewa, aliyasoma kwa sauti mbele ya watu, akacheka: "Huyu dada anatuandikia riwaya!" Kicheko kile kilimkaa Atupele rohoni. Walipomwomba ayanakili Barazani, alikataa katakata.

"Riwaya zangu zikae Ghalani," alisema. "Anayezitaka azifuate huko."

Lwitiko alikuwa na kipaji cha kuunganisha. Alichoka kuona watu wakihangaika Barazani na maswali ambayo majibu yake yamelala Ghalani. Mwezi mzima, kila alipomaliza kazi zake, aliandika programu ya kuziunganisha sehemu hizo mbili, ili swali likiulizwa huku, maelezo ya kule yatokee papo hapo. Ruhusa ya Atupele hakuiomba.

Kokushubira alikuwa na kipaji cha kulinda, naye ndiye aliyeshika funguo za Ghala. Bwana Chilewa alikuwa amepiga marufuku kuliunganisha na kitu chochote. Koku aliikagua kazi ya Lwitiko mstari kwa mstari, akaziba matundu mawili ambayo wezi wangepitia, kisha akatoa ufunguo bila kumwambia bosi. Alijua akigundulika atafukuzwa.

Jambo moja tu hawakuliangalia. Njia ilifunguliwa kwa jina la Lwitiko, kwa hiyo kila kilichopita humo kilitokea upande wa pili kwa jina lake.

Ikafika tarehe ishirini na tisa Februari. Asubuhi mfamasia wa hospitali moja akapiga simu: "Insulini naiona kupitia kioo, friji yenu imegoma kufunguka! Nina mtoto hapa hajiwezi!" Atupele alikuwa Tukuyu msibani, simu ameizima. Aliyepokea simu akauliza Barazani, na jibu likatokea. Kosa hilo lilikuwa limewahi kutokea miaka minne nyuma, siku kama ile. Mfumo haukuitambua tarehe. Atupele alilirekebisha, lakini baadaye mtu akaufuta mstari wake akidhani hauna kazi. Jibu lilieleza pa kuurudisha. Dakika kumi na mbili baadaye friji zilifunguka, mtoto akachomwa sindano.

Atupele aliporudi kazini alikuta watu wanampongeza Lwitiko. Akafungua Baraza. Akasoma maneno yake mwenyewe, nukta kwa nukta, na chini ya kila jibu, mara mia tatu na kumi na mbili, jina la Lwitiko. Akamfuata Lwitiko mezani kwake.

"Wewe Lwitiko! Miaka mitano yangu umeibeba hivi hivi?"

"Dada Atu, wallahi si makusudi. Lakini tuseme kweli, bila mimi si yangelala kule kule? Uliombwa, ukakataa."

"Nilikataa kwa sababu nilichekwa! Ungechekwa wewe, ungenakili?"

"Na mimi je?" Koku akafoka. "Nyie mnagombea jina. Mimi nilitia shingo yangu kitanzini, na hakuna hata mmoja wenu aliyenitaja!"

Bwana Chilewa akaingia na barua.

"Marufuku mliyoivunja nimeifumbia macho. Mikataba yenu inaisha mwezi wa sita. Nimeruhusiwa kumpa mmoja ajira ya kudumu, yule aliyemwokoa mtoto. Hapa nafasi ya jina iko wazi. Andikeni wenyewe jina moja, nitasaini. Mwisho saa kumi."

"Bosi, wewe ndiye uliyenicheka," Atupele alisema.

"Saa kumi," alijibu, akatoka. Si samahani, si asante.

Kalamu aliiwahi Atupele. Hasira zilimtuma aandike jina lake, kwa wino mzito, alishindilie hadi karatasi itoboke. Lakini kila alipoisogeza kalamu alikumbuka jinsi mwili ulivyomwaka asubuhi ile alipojikuta amefutwa, na hapa alitakiwa kufuta watu wawili. Akaichukia barua, akamchukia aliyeileta. Wenzake walisimama kila mmoja upande wake wakiukodolea macho mkono wake. Mishale ya saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika tatu.

Yule mtoto amepona, anacheza kwao, hajui jina la hata mmoja wao.

Mimi nimeishia hapo. Mmoja alijua, mmoja aliunganisha, mmoja alifungua. Je, kalamu ikiwa mkononi mwako wewe, na dakika ni tatu, utaandika jina la nani?