Shigela na Mwamba wa Igogo

Chini ya kilima cha mawe huko Igogo, jijini Mwanza, lilikuwa likichimbwa handaki la kupitisha bomba la maji ya ziwa. Vikosi viwili vilichimba kutoka pande mbili ili vikutane katikati. Msimamizi wa kikosi cha Igogo alikuwa Shigela, fundi hodari kweli kweli, ila mdomo wake haukujua breki. Alikuwa ameapa mbele ya kadamnasi kwamba angefika katikati kabla ya Nathaniel, msimamizi wa upande wa pili. Naye alikuwa radhi alale njaa kuliko kuchekwa na Nathaniel.

Zilipobaki mita kumi na mbili, nyufa nyembamba kama uzi zikaanza kuvuja maji. Desturi ya kazi hiyo ni kutoboa matundu marefu mwambani, kisha kusukuma kwa pampu saruji iliyokorogwa na maji, kwanza nyepesi, baadaye nzito, mpaka nyufa zishibe na mwamba ushikamane. Hapo palihitaji siku nne.

"Siku nne!" Shigela alifoka. "Nathaniel si atakuwa ameshatandika mkeka huku? Korogeni nzito tangu mwanzo!"

Apiyo, mwendesha pampu, alizima mtambo. "Bosi, nzito haiingii kwenye ufa mwembamba. Itaganda mdomoni, ndani kubaki wazi."

"Wewe binti, nimeanza kuvunja mawe hujaota meno! Washa!"

Apiyo akawasha. Haikupita nusu saa, mshale wa geji ya presha ukaruka juu.

"Mnaona?" Shigela alichekelea. "Mwamba umeshiba!"

"Haujashiba, bosi, umekabwa koo," alijibu Apiyo bila kutetereka. "Tutoboe tundu moja tupime. Maji yakitoka, tumejua."

Shigela alijua fika kwamba binti huyo alisema kweli. Lakini akili yake ilikuwa kwa Nathaniel, basi akajitia hamnazo. "Kesho tunalipua," akasema, akaondoka.

Kesho yake saa nne asubuhi, watu wote wakiwa nje, baruti ikalipuliwa. Lo! Badala ya vumbi yalikuja maji, yakabubujika kwa kishindo na kuimeza mitambo yote. Mungu si Athumani, hakuna aliyeumia. Shigela alisimama mlangoni mwa handaki, aibu imemjaa.

Sasa hapakuwa na njia ya mkato. Iliwabidi wajenge ukuta wa zege wenye unene wa mita mbili kuziba handaki zima, wauache ukauke, ndipo saruji isukumwe kupitia mabomba yaliyopenya ukutani. Nathaniel alikuja na watu wake kusaidia kubeba zege. Wala hakucheka, na hilo lilimchoma Shigela zaidi.

"Apiyo alinionya nikakataa," Shigela alisema mbele ya wote. "Kuanzia leo, kusukuma au kuacha, neno ni lake."

Apiyo hakujivuna. Alikoroga saruji, kwanza nyepesi kisha nzito, akasukuma siku nne kamili, na mwamba ukakauka kau. Ndipo ule ukuta, kazi ya mwezi mzima, ukaanza kuvunjwa ili uchimbaji uendelee, na wa kwanza kuupiga nyundo alikuwa Shigela mwenyewe. Siku nne alizozionea uchungu zilimgharimu mwezi. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.