Mizabibu Nyuma ya Uzio

Mtu mmoja, jina lake Ndewirwa, alikuwa na shamba la mizabibu chini ya mlima uliowahi kutapika moto. Udongo wake ulikuwa mweusi na mwepesi kama majivu. Babu zake walipanda humo mizabibu ya asili ya nchi ile, yenye zabibu ndogo za ngozi ngumu, wakakamua divai iliyosifiwa hata na watu wa mbali. Baadaye zikaja mbegu za kigeni zinazozaa upesi, na baba yake akaing'oa mizabibu ya kale.

Ndewirwa aliporithi shamba alihuzunika. Alizunguka mabonde na viunga vilivyotelekezwa akitafuta mashina yaliyosalia, akakata vipandikizi, akavileta nyumbani vimefungwa kwa majani mabichi ya mgomba. Alikuwa na watoto wawili, Aikande na mdogo wake Sifaeli, na kila aliyemuuliza anataabika kwa ajili ya nani, aliwataja hao.

Aikande alilipenda shamba. Asubuhi moja alichukua mkasi, akapogoa mzabibu kama alivyomwona baba yake akifanya. Alikata pasipostahili, na mzabibu ule ukakauka. Ndewirwa hakumpiga. Alimnyang'anya mkasi, akazungushia shamba uzio, akatia kufuli langoni.

"Baba Aikande, ni mzabibu mmoja tu," mkewe alimsihi. "Mwache mtoto ajaribu tena."

Akajibu kwamba mizabibu ile ilikuwa michache mno kufanyiwa majaribio. Sifaeli naye alipoomba kusaidia kupalilia, aliambiwa angoje. Wakangoja, kisha wakaacha kuomba. Aikande akaolewa mbali, akawa mshonaji. Sifaeli akaenda kuchonga mawe. Mama yao akafa, na Ndewirwa akabaki peke yake, akipalilia, akipogoa, akiongea na mizabibu.

Hatimaye shamba lote likazaa. Vichala vilikuwa vyeusi, vizito, na Ndewirwa alipoonja zabibu moja alilia, maana alijua hakuna aliyekuwa ameuonja utamu ule tangu siku za babu zake. Lakini mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu kwa uzee, hata mkasi ulimponyoka. Akawaita wanawe.

Walikuja. Walimwamkia kwa heshima, wakapika, wakamwogesha. Akawafungulia lango, akamnyooshea Aikande mkasi. Aikande akasimama katikati ya mizabibu, asijue aanzie wapi.

"Baba, hatukatai," akasema polepole. "Lakini hatuijui. Ulitulea nje ya uzio."

Ndewirwa akafungua kinywa ili awafundishe, lakini pumzi haikumtosha. Akarudishwa kitandani. Wanawe wakachuma walivyoweza, wakakamua kwa kubahatisha, na divai yote ikageuka siki kwenye mapipa. Hawakuthubutu kumwambia. Alipoomba kuonja, Sifaeli alimletea kikombe cha hiyo hiyo. Mzee akanywa, akarudisha kikombe, akageukia ukutani. Akakata roho akiwa amegeuka vivyo hivyo. Baada ya matanga Aikande akarudi kwa mumewe na Sifaeli kwenye mawe yake, na ndege wakazimaliza zabibu zilizobaki.

Nanyi mnaowatunzia watoto wenu imani, lugha na ardhi, mkiwazuia wasiviguse wasije wakaviharibu: siku mikono yenu itakapochoka, mtamkabidhi nani?